Mama wa Posho Mill na Njia ya Ng'ombe

Kwa muda mrefu, nikiwa mtu mzima mwenye kitambulisho na ndevu, niliamini kwamba Mama wa Posho Mill alikuwa anang'oa bikoni za wapimaji ardhi, zile nguzo fupi za simiti za kuonyesha mipaka, anazisaga kwenye mashine yake, kisha anatulisha. Sikuwa nashuku, niliamini kabisa. Bikoni zilipandwa kando ya njia ya ng'ombe pale njia panda kwetu, kati ya Kitengela na Kajiado. Wiki iliyofuata hazikuwepo, na wiki hiyo hiyo unga ukawa na mchanga. Mwenye hoteli ya chai akasema, mwenye bucha akaitikia, nami nikaenda nyumbani nikala ugali wangu huku nikisikiliza meno. Nilipanda hata kwenye mizani ya magunia nikaona nimeongeza uzito. Nikasema basi, hii ni simiti ya serikali imekaa tumboni.

Nilikuja kuacha kuamini siku msumari mmoja, mdogo kama jino la mtoto, ulipotoka kwenye gunia la mtu ukaingia ndani ya mashine. Ile mashine ilipiga kelele iliyosikika hadi Namanga. Tulitoka nje tukikanyagana, na mwenye bucha, ambaye hakuwa hata anasaga, alikuwa wa kwanza mlangoni. Mama alizima injini, akangoja inyamaze, akaingiza mkono na kuutoa ule msumari.

"Ni huu tu," akatuambia. "Na nyinyi mnasema nasaga bikoni. Ningesaga bikoni moja, saa hii mngekuwa mnaokota mabati yangu Tanzania."

Bikoni nazo, alisema, ziling'olewa na ng'ombe waliokuwa wanajikuna mgongo. Akaongeza matusi ya ng'ombe ambayo sitayaandika hapa.

Naanza na upuuzi huo kwa sababu watu wa njia panda wanamkumbuka hivyo mpaka leo. Ukitaja Mama wa Posho Mill wanacheka, "Ah, yule wa bikoni!" Na mimi ninayependa kucheka kuliko kula, hapo sicheki. Damu inachemka. Nataka niandike vile alivyokuwa, na kama kuna mtu wa njia panda atasoma haya na kukasirika, karibu, hasira yangu inatosha watu wawili.

Nilihamia pale miaka ya tisini, nikiwa kibarua wa kiwanda fulani upande wa Kitengela. Nilipanga chumba cha mabati nyuma ya mashine yake, karibu hivi kwamba injini ikiwashwa kikombe changu kilitembea mezani chenyewe. Wakati huo njia panda haikuwa na jina kwenye kibao chochote. Kulikuwa na lami inayotoka Kitengela kwenda Kajiado, kulikuwa na barabara ya marram inayoikata, na kwenye kona moja kulikuwa na posho mill. Kando ya posho mill kulikuwa na bomba na birika refu la simiti, ambapo ng'ombe walikunywa siku za maji. Mwisho wa mji.

Mengine yote yalizaliwa na ile mashine. Mtu anayengoja kusagiwa anataka chai, ndiyo hoteli ikaja. Akishakunywa chai anataka kitu cha kutafuna, ndiyo bucha. Akishakula nyama anataka bia, na akishakunywa bia anataka kutubu, ndiyo kanisa la mabati likajengwa, tena ukuta mmoja na baa ili mtu asichoke njiani. Wamasai walishuka kutoka maboma ya mashariki, sisi wa kutoka magharibi ya nchi tukaja na kazi zetu za mshahara, Wakamba wakaja na nyundo za kuvunja mawe. Tulikuwa tunasalimiana kwa lugha nne na kusengenyana kwa zote.

Huyo mama alikuwa mrefu, mwenye mabega ya kubeba gunia la kilo tisini bila kusema "uff". Alivaa gambuti mwaka mzima, kiangazi na masika, na juu ya gauni alifunga shuka nyekundu ya Kimasai ingawa alitoka magharibi kama mimi. Kichwa, kope, nyusi, vyote vilikuwa vyeupe kwa unga. Alijifunza Kimaa cha kutosha kusalimia wanawake, "Takwenya, yeyo!", yaani salamu, mama, nao wakaitikia "Iko!", na Kimaa kingine kingi zaidi cha kutukana ng'ombe wao.

Maana ng'ombe hakuwapenda. Alisema ni wanyama wenye tumbo nne na akili hakuna. Wakipita kwenda birikani alisimama mlangoni na chelewa, ule ufagio wake wa njiti. "Tembeeni! Mnatembea polepole kama mtu ameshapokea mshahara!" Wachungaji vijana walimchokoza makusudi, wakipitisha kundi karibu kabisa na turubai alipoanika mahindi.

"Yeyo, hawa wanakupenda, wanakuja kukusalimia!"

"Wanisalimie na wewe uko mbele, nikutandike kwanza!"

Siku moja ng'ombe mmoja alifika kwenye turubai kweli. Alikula mahindi makavu ya Mama mpaka ubavu wa kushoto ukavimba kama ngoma, akalala kando ya barabara miguu imenyooka. Mwenye ng'ombe hakuwepo. Mimi nilifikiri Mama atashangilia. Alienda dukani akachukua mafuta ya kupikia, chupa nzima, akamshika yule ng'ombe pembe, akamnywesha huku akimkanda tumbo na kumtukana ukoo mzima. "Mwizi wewe! Kunywa! Meza, mbwa wewe! Ulikula bila kuombwa, sasa kufa unataka ufie kwa mlango yangu?" Alikaa naye mpaka hewa ikatoka. Ilitoka, jamani. Hoteli ya chai ilikosa wateja siku hiyo yote. Ng'ombe aliposimama, Mama alimpiga chelewa moja ya kumuaga.

Basi ndivyo alivyokuwa. Kanisani hakukosa, lakini mchungaji akizidisha mahubiri alitazama jua na kusema kwa sauti, "Mahindi ya watu yako kwa laini." Alikataza wanaume kukaa ndani ya mashine wakipiga domo. "Hapa tunasaga mahindi. Maneno sagieni nyumbani." Ukimwuliza lini atamaliza, alijibu, "Mimi si serikali, sitakudanganya tarehe."

Lakini kitu chake kikubwa kilikuwa foleni. Kwake hukusagiwa kwa kuwahi. Ulisagiwa kwa kutoka mbali. Mwanamke aliyetoka boma la mwisho kule chini ya vilima, na punda wake na magunia mawili, angefika saa tano na angetangulia mbele ya watu waliokaa pale tangu asubuhi. Hakuna aliyemhoji, kwa sababu aliyehoji alirudishiwa debe lake.

"Wewe unatoka wapi?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Hapa nyuma, Mama. Huo mlango wa bluu."

"Basi kaa. Wewe hata ukisahau kupika utasikia harufu."

Nilikuwa wa mwisho miaka yote. Nilikuwa nimeanza masomo ya jioni huko Kitengela, ya sisi watu wazima tunaoitwa ngumbaru, kwa hiyo nilikuja na debe na daftari. Hesabu zote za sehemu nilizijulia kwenye benchi ile. Mpaka leo nikifungua kile kitabu unga unamwagika, na nina hakika kuna mlo mmoja kamili kati ya ukurasa wa jiografia na wa historia. Nilipofaulu mtihani nilimpelekea habari mbio. Aliniangalia kutoka kichwani mpaka viatuni. "Sasa umekuwa msomi," akasema. "Msomi anaweza kuvumilia. Utasagiwa baada ya yule wa mwisho." Kisha akaniwekea gorogoro moja ya unga ambayo haikuwa yangu, akageuka kabla sijashukuru.

Alijuaje nani ametoka mbali? Aliangalia miguu. Waliopita lami walikuja na miguu safi. Waliotoka mashariki, kwa ile njia ya ng'ombe, walikuja na vumbi mpaka magotini. Mke wa mwalimu mmoja, aliyekaa nyumba za kando ya lami, alijipaka udongo miguuni akaja akichechemea kama ametembea kutoka Kimana. Mama alimtazama, akachukua maji kwenye sufuria, akamwagia miguu yote miwili mbele ya watu. Kucha zilikuwa na rangi mpya, nyekundu inang'aa.

"Madam," akamwambia, "pole na safari. Ngoja."

Sasa nifike kwenye kinachonichemsha.

Ile njia ilikuwa pana, ya vumbi, ikitoka maboma ya mashariki mpaka birikani na kwenye mashine. Ilipita katikati ya ardhi ya familia mbili. Hakuna aliyeitengeneza, ilikuwepo kabla ya lami, na wote tuliiita njia ya ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili watu walishikwa na homa ya kuuza. Ekari zilikuwa zinakwenda kama mandazi ya moto. Bwana mmoja wa Nairobi, ambaye tulimbatiza Bwana Seng'enge, alinunua kwa familia ya kulia na akanunua kwa familia ya kushoto. Akasimama katikati ya njia na miwani yake, akaona kwamba njia hiyo ndiyo kitu pekee kinachotenganisha shamba lake na shamba lake. Akataka kuzungusha ua mmoja.

Wakati huo ukame ulikuwa umetupiga. Nikisema umetupiga, najua natia chumvi kila siku, lakini hapa sina haja. Ng'ombe walilala kando ya lami na hawakuinuka. Waliobaki walihamishwa mbali, wengine upande wa Kimana, wengine sijui wapi. Birika likakauka mpaka watoto wakalifanya uwanja wa kukimbizana. Bwana Seng'enge alichagua wakati wake vizuri, yule mtu. Alikuja kwa adabu. Hakuleta askari. Alimwomba chifu aitishe baraza, akawauliza wazee swali moja la upole: "Wazee wangu, ng'ombe wa mwisho kupita hapa alipita lini?"

Wazee hawakujibu kwa kukisia. Waliinuka na fimbo zao wakaenda kuangalia, na sisi sote nyuma yao. Nyinyi ambao hamjaona mzee wa Kimasai akisoma vumbi mmekosa elimu. Hao watu wangekwambia mguu huu ni wa mtamba mwenye mimba, amepita juzi, na alikuwa na kiu. Waliinama wakatembea polepole kutoka kona ya mashine mpaka mbali, wakageuza, wakarudi. Wakasema kweli tupu, maana hawakuwa waongo: hakuna mguu wa ng'ombe.

Tukarudi kwenye baraza. Wanaume tulikaa kwenye benchi za kanisa, wanawake chini nyuma kwenye nyasi kavu. Hapo ndipo mimi, na cheti changu cha ngumbaru kikiwa bado na harufu ya wino, nilisimama. Nilihutubia. Niliwatetea ng'ombe kuliko walivyowahi kutetewa tangu Nuhu. Nilisema ng'ombe ndiye benki, ndiye shule, ndiye heshima ya Kajiado, na kwamba mvua itanyesha na watarudi, na wakirudi watakuta nini, seng'enge? Wazee waligonga fimbo chini. Chifu akaandika. Bwana Seng'enge akatabasamu, akasema huyu kijana ameongea vizuri sana, na yeye ni mtu wa kuelewana. Ataweka geti. Ng'ombe wakirudi, geti litafunguliwa kwa ng'ombe. Watu wakapiga makofi.

Mama wa Posho Mill alisimama kule nyuma, mweupe kwa unga vile vile.

"Na sisi," akasema, "tutapita wapi?"

Mzee mmoja akageuka, kwa upole tu, akamuuliza, "Mama, wewe uko na ng'ombe ngapi?"

"Sina hata mkia."

Kicheko kilichotoka pale! Benchi moja ilivunjika. Yule mama aliyewatukana ng'ombe maisha yake yote anadai njia yao! Mwenye bucha alilia machozi. Chifu aliinua mkono, naye akicheka, akasema, "Asante mama, tumekusikia." Mama alibaki amesimama kidogo, mikono kiunoni, akitutazama benchi kwa benchi. Kisha akakaa. Hakuna aliyemuuliza tena, na baraza likafungwa kwa maombi.

Ua ulisimama kabla ya mwezi kuisha. Nguzo nyeupe, seng'enge nyuzi sita, geti la chuma, kufuli kubwa kama mkate, na soja aliyeletwa kutoka mbali ambaye hakujua mtu. Wanawake wa mashariki wakaanza kuzunguka kwa lami. Lami yenyewe mnaijua, malori ya Namanga yanapita pale kama yamefukuzwa. Punda hajui lori. Siku moja, mchana kweupe, lori lilimgonga punda wa mwanamke mmoja wa boma la mwisho. Mwanamke aliruka mtaroni, akavunjika mkono. Punda alikufa na magunia yake mgongoni, na mahindi yakatapakaa lami yote. Dereva alishuka, akaenda kuangalia bampa. Bampa! Mama wa Posho Mill alifika mbio na gambuti zake, akamfunga yule mwanamke mkono kwa ile shuka yake, halafu akapiga magoti kwenye lami akaanza kukusanya mahindi kwa viganja huku magari yakimpigia honi. Tulimwambia aache. Aliendelea kukusanya. Nadhani hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona hana tusi.

Baada ya hapo walikuja wachache, kisha hakuna. Wa mbali wakaanza kununua unga wa pakiti, wengine wakasaga kwa jiwe. Tulibaki sisi wa kando ya lami, na sisi tulikuwa wachache na wavivu. Mashine ikawa inawashwa mara moja kwa siku, kisha siku nyingine haikuwashwa, na kikombe changu kikakaa mahali pake. Nikamkuta asubuhi moja anapakia vitu kwenye pikapu. Nikamuuliza anaenda wapi. Akasema, "Mahali mtu anaweza kufika." Waliokuwa wamecheka kwenye baraza sasa wakasema amekimbia kwa sababu ya bikoni. Unaona? Unaona watu? Mtu amesagia mji mzima mpaka ukawa mji, halafu wanamwekea simiti mdomoni akiondoka.

Miaka ikapita. Njia panda ilipata benki ya wakala, hardware tatu na kibao cha jina. Na mvua ikanyesha, nayo ikafuatwa na nyingine, na ng'ombe wakarudi. Nilisimama kando ya geti siku ya kwanza kuona kama neno litatimizwa. Soja alifungua. Naapa, nilitokwa na machozi. Kundi lilipita kwa fujo na vumbi mpaka birikani, na soja akafunga nyuma yao.

Kwa hiyo nilipomkuta Mama sokoni Kajiado, nilikuwa na habari ya kumpa. Nilimpita mara ya kwanza bila kumjua. Alikuwa ameketi nyuma ya rundo la vitunguu vya Kimana, na nyusi zake zilikuwa nyeusi. Miaka yote ile sikuwahi kujua zina rangi gani.

"Wewe msomi," akaniita. "Unapita watu kama gavana?"

"Mama! Takwenya!"

"Iko. Umenenepa. Nunua kitunguu."

Nikanunua, tukaulizana habari za afya na za watu, nani ameoa, nani amezikwa. Kisha sikuweza kuvumilia tena.

"Mama, niko na habari njema. Ng'ombe wamerudi. Na geti limefunguliwa, vile ilisemwa kwa baraza. Wanapita mpaka kwa birika. Tulishinda, Mama."

Alikuwa anamenya maganda makavu ya vitunguu kwa kidole gumba. Hakuacha.

"Soja anafungulia nani?"

"Ng'ombe."

"Na mama mwenye debe kwa kichwa?"

"Huyo anapita lami. Unajua maneno ya baraza yalikuwa ya ng'ombe."

"Yalikuwa maneno yako."

"Yalikuwa yangu," nikasema, na kifua kilikuwa bado kimetoka mbele.

Mama aliweka kitunguu chini. Sauti yake haikuwa ile ya kushindana na mashine. Ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayemwelekeza mgeni stendi iko wapi.

"Kijana, mimi sijawahi kupigania njia ya ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wanapita siku za maji. Wanawake walikuwa wanapita kila siku, na ule ukame wote walipita. Siku mlienda kuangalia na wazee, hiyo njia ilikuwa imejaa miguu ya watu na ya punda. Mlikuwa mnaikanyaga mkitafuta ya ng'ombe."